Mshipa Mkuu wa Damu Unapotanuka

Katika machimbo madogo ya dhahabu yaliyotapakaa kutoka Kahama, mkoani Shinyanga, hadi Nyarugusu na vitongoji vya Geita, kijana mrefu mwenye mikono mirefu huonekana kuwa mfanyakazi afaaye. Hushuka katika duara kwa kamba, hujaza mawe katika viroba, kisha huvibeba begani hadi penye karasha. Ikiwa siku moja kijana huyo, mwenye umri wa miaka 24 na ambaye hajapata kulazwa hospitalini, atainua kiroba, akashika kifua, akalalamika kwamba mgongo unachanika, na akafariki kabla ya jua kutua, watu wa nyumbani watauliza ni nani aliyemfanyia hivyo. Na ikiwa baba yake naye alikufa ghafula akiwa na miaka 35, swali hilo huenda lisiulizwe kabisa, kwa kuwa jibu litakuwa limekwisha tolewa.

Majibu ya namna hiyo yamegharimu maisha ya watu wasio na hatia. Katika eneo hili la kusini mwa Ziwa Viktoria, tangu miaka ya 1970 hadi miaka ya karibuni, wazee wengi, hasa wanawake, wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Mara nyingi ushahidi ulikuwa ni macho mekundu tu, ambayo kwa mtu aliyepika kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini ni jambo lisilohitaji maelezo ya ajabu.

Vifo vya ghafula vina sababu nyingi, nasi hapa tunashughulika na moja tu. Wala si ile iliyo kubwa kuliko zote: kifua kikuu, vumbi la mawe, malaria na kuporomoka kwa maduara huua wachimbaji wengi zaidi. Lakini sababu hii ina tabia mbili zinazoifanya istahili kufundishwa darasani. Inafuata ukoo kwa kanuni inayoweza kuandikwa ubaoni, na dalili zake huonekana kwa macho na kwa utepe wa kupimia miaka mingi kabla ya siku ya msiba.

Bomba linalotakiwa kuvutika

Damu yote iendayo mwilini hutoka katika moyo kwa mlango mmoja. Upande wa kushoto wa moyo huisukuma kupitia vali, nayo huingia katika ateri kubwa kuliko zote, iitwayo aota. Mshipa huu hupanda kidogo kuelekea shingoni, hupinda mithili ya mpini wa mwamvuli, kisha hushuka mbele ya uti wa mgongo hadi tumboni, ukitoa matawi njiani. Karibu na moyo, kwa mtu mzima, upana wake ni kama sentimeta 3, na ukuta wake una unene wa kiasi cha milimita 2.

Kazi ya aota si kupitisha damu tu, kama bomba la chuma lipitishavyo maji. Moyo husukuma kwa vishindo. Kila kishindo kinapofika, aota hutanuka ikaipokea damu, na moyo unapopumzika hunywea ikaisukuma mbele, ili damu isikome kwenda kati ya pigo moja na jingine. Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, aota hutanuka na kunywea zaidi ya mara 100,000 kwa siku. Mwanafunzi anaweza kukokotoa mwenyewe: kijana afikapo miaka 20, mshipa wake umekwisha kuvutika zaidi ya mara milioni 700. Hakuna mpira wa dukani uwezao kustahimili hayo.

Siri ya ustahimilivu huo imo katika tabaka la katikati la ukuta. Ukuta wa aota una tabaka tatu. La ndani ni utando mwembamba uguswao na damu, na la nje ni ganda la nyuzi ngumu. Lile la kati, ambalo ndilo nene, limejengwa kwa shuka zaidi ya hamsini za protini ivutikayo iitwayo elastini, zilizopangwa moja ndani ya nyingine, na kati yake zimo chembehai za msuli pamoja na nyuzi za protini ngumu iitwayo kolajeni. Elastini huruhusu ukuta uvutike. Kolajeni huzuia usivutike kupita kiasi. Vitu hivi ni sehemu ya kile ambacho wanabiolojia hukiita tishu unganishi, yaani tishu inayoshikanisha viungo vya mwili: imo katika mishipa, katika kano, katika ngozi, katika mifupa, hata katika jicho. Hapo ndipo panapoeleza kwa nini ugonjwa mmoja unaweza kumfanya mtu awe na vidole virefu, miwani mizito na mshipa dhaifu kwa wakati mmoja.

Jambo moja zaidi linafaa kukumbukwa. Mwili hutengeneza karibu elastini yake yote mtoto angali tumboni na katika miaka ya utoto. Baada ya hapo huacha. Elastini iliyoharibika haijengwi upya ipasavyo.

Matimba yaliyo dhaifu

Mchimbaji ajua kwamba duara halisimami kwa nguvu za udongo pekee. Husimamishwa na matimba, yaani magogo yanayozuia kuta zisiporomoke. Katika ukuta wa aota, kazi inayofanana na ya matimba hufanywa na nyuzi nyembamba sana za protini iitwayo fibrilini, iliyotambuliwa mwaka 1986. Elastini hujengwa juu ya nyuzi hizo na kushikizwa nazo kwenye chembehai za msuli.

Maelekezo ya kutengeneza fibrilini yamo katika jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 15. Mwaka 1991 ilithibitishwa kwamba kasoro katika jeni hiyo ndiyo chanzo cha ugonjwa wa Marfan, uliopewa jina la daktari wa watoto wa Paris, Antoine Marfan, ambaye mwaka 1896 alimweleza msichana wa miaka 5 mwenye mikono, miguu na vidole vyembamba na virefu kupita kawaida. Marfan mwenyewe hakusema lolote juu ya mshipa wa moyo. Ilichukua nusu karne kabla ya madaktari kutambua kwamba watu wenye umbo hilo walikuwa wakifa kwa aota, na ni katika miaka ya 1950 Mmarekani Victor McKusick alipoyakusanya maradhi ya kurithi ya tishu unganishi katika kundi moja lenye kueleweka. Ugonjwa wa Marfan hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 5,000, nao huonekana katika watu wa rangi zote na wa nchi zote.

Ndugu zake wawili wapaswa kutajwa. Ugonjwa wa Ehlers-Danlos wa aina ya mishipa hutokana na kasoro katika kolajeni ya namna ya tatu. Wenye nao huwa na ngozi nyembamba ionyeshayo mishipa, na mishipa yao huweza kupasuka hata kabla haijatanuka. Ugonjwa wa Loeys-Dietz, uliotambuliwa mwaka 2005, hutokana na hitilafu katika njia ambayo chembehai hupokea amri za ukuaji, na aota ya wenye nao huweza kuchanika ikiwa bado na upana mdogo. Aidha, si kila aota iliyotanuka ni ya kurithi. Shinikizo kubwa la damu lisilotibiwa ni chanzo kikubwa zaidi kwa watu wazima, na zamani kaswende ilikuwa ikiila aota ya wengi.

Kwa nini kutanuka huzaa kutanuka

Walimu wa fizikia wanaweza kulionyesha jambo hili kwa puto la watoto. Pumzi ya kwanza ndiyo ngumu. Puto likisha kutanuka kidogo, huendelea kwa urahisi, na mahali palipo pembamba huvimba kuliko pengine. Kanuni yake, ihusishwayo na Mfaransa Laplace, ni kwamba mvutano katika ukuta wa bomba huongezeka kwa kadiri ya shinikizo la ndani na kwa kadiri ya nusu-kipenyo chake, na hupungua kwa kadiri ya unene wa ukuta. Aota ya sentimeta 3 ikifikia sentimeta 6, nusu-kipenyo kimekuwa mara mbili. Na kama ukuta nao umebaki nusu ya unene wake, kila kipande cha ukuta huo sasa chabeba mzigo mara nne ya ule wa awali, ingawa shinikizo la damu halikubadilika hata kidogo. Hivyo udhaifu huzaa upana, na upana huzaa udhaifu. Uvimbe wa namna hii kitaalamu huitwa anurizimu. Aliyepata kuona mpira wa ndani wa baiskeli ukichungulia kupitia tundu la tairi iliyochakaa ameiona picha yake.

Sasa na aongezewe kiroba cha mawe. Mtu anapoinua mzigo mzito hubana pumzi na kukaza misuli yote, na shinikizo la damu hupanda kwa sekunde chache. Katika vipimo vilivyofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 1985, wanaume waliozoea kunyanyua vyuma walifikia shinikizo la juu lipitalo milimita 300 za zebaki (zebaki ile ile ambayo mchimbaji huitumia kukamatia dhahabu), ilhali mtu aliyetulia huwa na kama 120. Aota nzima huyamudu hayo. Aota iliyotanuka haina akiba hiyo.

Mara nyingi mshipa haupasuki moja kwa moja kwenda nje. Utando wa ndani huchanika, damu hujipenyeza katika tabaka la kati, na kuzitenga tabaka mithili ya mtu atenganishaye bitana na koti. Maumivu yake huja ghafula, makali tangu dakika ya kwanza, na wagonjwa wengi huyaeleza kwa neno lile lile: kuchanika, kifuani au kati ya mabega, mara nyingine yakihama kuelekea kiunoni. Mapigo ya mkono mmoja huweza kuwa hafifu kuliko ya mkono wa pili, kwa sababu mdomo wa tawi moja umezibwa. Mganga wa zahanati asiye na chombo kingine chochote anaweza kupima shinikizo katika mikono yote miwili. Tofauti ya zaidi ya milimita 20, pamoja na maumivu ya namna hiyo, yatosha kumfanya asingoje.

Na hakika hapana nafasi ya kungoja. Mchaniko ukiwa katika sehemu ya aota iliyo karibu na moyo, vifo bila ya upasuaji hukadiriwa kuwa asilimia 1 hadi 2 ya wagonjwa kwa kila saa katika siku mbili za mwanzo. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa saa za kungojea kivuko kati ya Geita na Mwanza, nalo ni jambo kubwa. Lakini Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 kwa ajili ya upasuaji na matibabu ya moyo, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kwa barabara. Kwa mtu wa Nyarugusu, basi, upasuaji wa dharura hauwezi kuwa tumaini la kwanza. Tumaini la kwanza ni kumjua mwenye ugonjwa wakati angali mzima.

Sarafu inayorushwa upya

Wanafunzi wengi wa kanda ya ziwa waujua ugonjwa wa selimundu, na wajua kwamba mtoto huupata pale tu arithipo jeni yenye kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili. Hali ni hiyo hiyo kwa ualbino. Ugonjwa wa Marfan hufuata njia nyingine. Jeni yake hutawala: moja yatosha, itoke kwa baba au kwa mama. Na kwa kuwa kromosomu ya 15 si ya jinsia, mtoto wa kike na wa kiume wana hatari sawa.

Kila mtoto wa mzazi mwenye ugonjwa ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuurithi. Hapa pana kosa ambalo wanafunzi hulifanya mara kwa mara, na wazazi pia: kudhani kwamba katika watoto wanne lazima wawili wawe wagonjwa. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka mara iliyopita. Katika familia za watoto wanne, 1 kati ya 16 haitakuwa na mgonjwa hata mmoja, na 1 kati ya 16 itakuwa na wagonjwa wote wanne. Familia hii ya pili ndiyo ambayo majirani watasema imelogwa. Isitoshe, kiasi cha robo ya wagonjwa hawakuurithi kwa mtu yeyote. Kasoro ilianza kwao, katika yai au mbegu iliyowafanyiza, nao ndio huanzisha ukoo mpya wa ugonjwa.

Utepe, kidole gumba na jicho

Urefu peke yake si ugonjwa. Tanzania ina watu warefu na wembamba wengi ambao mishipa yao haina dosari, na mwalimu asimtie hofu mwanafunzi kwa sababu ni mrefu. Kinachotafutwa ni mkusanyiko wa ishara. Mtu anyooshe mikono pande mbili, na umbali kati ya ncha za vidole vya kati upimwe. Ukipita urefu wake wa kusimama kwa zaidi ya asilimia 5, ni ishara moja. Akunje kidole gumba ndani ya ngumi. Ukucha mzima ukijitokeza upande wa pili wa kiganja, ni ishara nyingine. Azungushe kidole gumba na kidole cha mwisho kwenye kifundo cha mkono wa pili. Kidole gumba kikifunika ukucha wote wa kidole cha mwisho, ni ya tatu. Huongezeka kifua kilichobonyea au kilichochongoka, uti wa mgongo uliopinda, nyayo bapa, na michirizi ya ngozi kwa mtu ambaye hakupata kunenepa.

Jicho ni shahidi mzuri kuliko yote hayo. Lenzi hushikiliwa mahali pake na nyuzi za fibrilini, na nyuzi hizo zikilegea lenzi huhama. Mwanafunzi mrefu aombaye kukaa dawati la mbele kwa kuwa haoni ubao, na ambaye miwani yake yabadilishwa kila mwaka, apelekwe kwa mtaalamu wa macho, naye aombwe kuiangalia lenzi.

Jibu la mwisho hutolewa na kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ambacho hospitalini hufupishwa kuwa eko. Hakina maumivu wala mionzi, nacho huonyesha upana wa aota kwa milimita. Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, ndiyo tegemeo la kanda kwa uchunguzi wa namna hiyo. Vigezo vilivyosahihishwa mwaka 2010 humruhusu daktari kuuthibitisha ugonjwa kwa aota, jicho, ishara za mwili na historia ya ukoo, hata pasipo kuchunguza jeni.

Vidonge na kisu

Mgonjwa hupewa kwanza dawa za kupunguza nguvu ya kila pigo la moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba propranololi, dawa ya zamani na ya bei ndogo, huchelewesha kutanuka kwa aota. Baadaye losatani ilizusha matumaini makubwa, lakini jaribio la mwaka 2014 kwa watoto na vijana zaidi ya 600 halikuona tofauti kati yake na atenololi, iliyo ya jamii moja na propranololi. Mwenye pumu hapewi propranololi, na mwanamke mjamzito hapewi losatani. Mimba yenyewe huikaza aota iliyotanuka, hivyo vipimo hutakiwa kufanyika kabla ya kubeba mimba.

Iko dawa ya kuepukwa pia. Mwishoni mwa mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba siprofloksasini na jamii yake zaweza kuongeza hatari ya aota kuchanika, na kwamba wenye ugonjwa wa Marfan au wa Ehlers-Danlos wasipewe ila pale pasipo na dawa mbadala. Kwa kuwa vidonge hivyo huuzwa kila penye duka la dawa, onyo hilo lina uzito hapa kwetu.

Aota ikifikia sentimeta 5 kwa mwenye Marfan, na mapema zaidi ikiwa jamaa yake wa karibu alipata kuchanika, wakati wa kisu umefika. Mwaka 1968 Hugh Bentall na Antony De Bono wa London walieleza upasuaji ambamo mzizi wa aota hukatwa pamoja na vali, na mahali pake hutiwa bomba la kitambaa lenye vali ya kutengenezwa. Ubaya wake ni kwamba vali ya chuma humlazimu mtu kumeza dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Kwa mtu akaaye mbali na maabara, na ambaye kazi yake ni ya nyundo na mawe, huo ni mzigo mzito. Tangu mwaka 1992 Tirone David wa Toronto alionyesha namna ya kubadili mshipa na kuiacha vali ya mtu mwenyewe, pale inapokuwa nzima. Taarifa ya mwaka 1999 juu ya wagonjwa 675 wenye Marfan ilionyesha tofauti ambayo yafaa kuwekwa mbele ya kila anayeahirisha: waliopasuliwa kwa mpango walikufa asilimia 1.5 katika siku 30 za mwanzo, na waliopasuliwa kwa dharura asilimia 11.7. Mwaka 1972 mwenye ugonjwa huu alitarajiwa kuishi miaka 32 hivi. Siku hizi, akitibiwa vizuri, hukaribia umri wa watu wengine.

Baada ya msiba

Januari 1986 mchezaji wa mpira wa wavu wa Marekani, Flo Hyman, mwenye urefu wa meta 1.96 na medali ya fedha ya Olimpiki ya mwaka 1984, alianguka pembeni mwa uwanja huko Matsue, Japani, akafa akiwa na miaka 31. Mwanzoni ilidhaniwa ni moyo uliosimama. Uchunguzi wa maiti ulikuta aota iliyochanika na ugonjwa wa Marfan ambao hakuna aliyeutambua katika miaka yote ya michezo. Ndugu yake wa kiume alipimwa, akakutwa nao, akafanyiwa upasuaji.

Utaratibu kama huo wawezekana katika boma lolote la Kahama au Geita. Kijana akifa ghafula kwa maumivu ya kuchanika, wa kwanza kupimwa ni watoto wake, kaka na dada zake, na wazazi walio hai. Wajomba, shangazi na binamu hufuata ikiwa mzazi wa upande wao amekutwa na ugonjwa. Mtoto ambaye aota yake ni ya kawaida leo hupimwa tena anapoendelea kukua, kwa maana ugonjwa huweza kuchelewa kujionyesha. Aliyekutwa na upana uliozidi hupimwa baada ya miezi sita, kisha kila mwaka iwapo hauongezeki kwa kasi. Hatakiwi kukaa kitandani: atembee, aendeshe baiskeli kwa mwendo wa kawaida, alime bustani. Viroba avibebe mwingine. Katika machimbo pana kazi ya mizani, ya kuandika hesabu za zamu na ya kutunza stoo, na mwenye duara aliyekwisha kuelezwa sababu hana haja ya kumfukuza.